Mkono Uliotulia

4 Februari
Nyumba ya Matroni

Kaka yangu mpendwa,

Jana ulinikatia simu. Sikukasirika. Nilikusikia ukihangaika na neno moja, ukalirudia, ukaliacha njiani, kisha nikabaki na mlio wa simu iliyokatwa. Nilikaa nimeishika kwa muda nikidhani labda utapiga tena.

Daktari aliniambia siku zile za hospitali kwamba kiharusi kimekushika upande wa kulia na kimeufanya ulimi kuwa mzito, lakini akili iko palepale. Basi tuachane na simu. Tuandikiane kama zamani, ulipokuwa unajifunza ufundi wa saa na mimi bado niko shule. Andika kwa kushoto, kwa penseli, hata mistari miwili. Kila siku nasoma vikaratasi vya wasichana wanaoomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa maumivu ya tumbo wasiyokuwa nayo, kwa hiyo mwandiko wako hautanishinda.

Ningekaa nawe zaidi hospitalini kama mkuu wa shule angenikubalia. Bweni lina wasichana wengi na matroni ni mimi peke yangu. Mchana sina hata nafasi ya kukaa. Wakishalala ndipo kazi yangu ngumu inapoanza, maana nyumba hii tangu shemeji yako atutoke ina ukimya ambao sijauzoea na sidhani nitauzoea.

Unameza dawa ya presha? Na ile ya kuzuia damu isigande? Usiniambie umesahau, wewe uliyekuwa unawasema watu wote kwa kuchelewa. Na niambie nani anakupikia.

Mdogo wako,
Kiroboto

*

15 Februari
Juu ya karakana

Kiroboto,

Naandika kwa kushoto. Ukicheka nitajua.

Dawa nameza. Mama wa duka la vitambaa hapa chini ananiletea chakula na kunitazama nikila, jambo linalonifanya nile vibaya zaidi. Mtoto wangu alikuja Jumapili, akakaa ukingoni mwa kiti, akaondoka na wajukuu kabla hawajaanza kuuliza kwa nini babu anaongea hivi.

Mguu unakuja. Natembea kwa fimbo hadi dirishani. Mkono ndio mgogoro. Haufanyi ninachouambia, halafu unafanya nisichouambia. Vidole vinakunja ngumi vyenyewe na mkono unaruka mezani. Usiku unajikaza mpaka unaniamsha, na nikishaamka sipati tena usingizi. Nashuka ngazi moja moja nimeegemea ukuta, nikae na saa zangu karakanani. Nyingi zimesimama. Hakuna wa kuzitia ufunguo.

Mara mbili kwa wiki anakuja binti wa mazoezi ya viungo. Ana umri wa mwanangu na sauti ya askari. Ananifanya niokote vibanio vya nguo nivitie kwenye bakuli, tena na tena. Anasema hii miezi ya mwanzo ndiyo ya kuupigania mkono, ubongo unatafuta njia mpya na lazima uoneshwe kila siku.

Nataka mkono wangu, Kiroboto. Vingine vyote naweza kuishi bila hivyo. Ulimi sikuwahi kuutumia sana. Lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, nitamwonesha nini?

Kaka yako,
Bwana Dakika

*

24 Februari
Nyumba ya Matroni

Kaka,

Sikucheka. Nilicheka kidogo kwa yule binti mwenye sauti ya askari. Mtii.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vidonge. Ndivyo nilivyopewa na daktari baada ya msiba, vya kutuliza na kuleta usingizi. Vinalegeza mwili mzima, hata shingo yangu iliyokuwa inakaza kama kamba ililegea. Nikaona ndivyo vinavyoufaa mkono wako unaojikaza usiku. Meza kimoja ukienda kulala. Usijali kunipunguzia, ninavyo vingi kuliko ninavyohitaji, na siku hizi nalala vizuri.

Nimekuwa nikifikiria jambo, usilijibu sasa. Nyumba hii ina chumba cha pili. Kipo tu, kimejaa magodoro mabovu ya bweni. Dirisha linatazama uwanja wa michezo na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja. Mtu anayetembea kwa fimbo angekaa pale vizuri, bila ngazi za karakana. Basi, nimesema.

Wako,
Kiroboto

*

10 Machi
Juu ya karakana

Mdogo wangu,

Umenitibu wewe kuliko wote hao.

Mkono umetulia. Usiku wa kwanza tu nililala mpaka mama wa vitambaa akagonga mlango akidhani nimekufa. Nilipoamka nikaukuta umelala pembeni yangu, vidole vimefunguka, kimya. Nikaamua kumeza kingine asubuhi, nao ukatulia mchana kutwa. Hauruki wala haukunji ngumi. Niliuweka juu ya meza ya kazi chini ya taa, nikautazama kwa lenzi kama ninavyotazama mashine ya saa. Hautikisiki hata kidogo.

Wewe hujui maana ya hilo kwa mtu wa kazi yangu. Mzee aliyenifundisha alikuwa anatuweka vijana mbele yake tunyooshe mikono, na juu ya kila mkono anaweka skrubu ndogo. Ikianguka, siku hiyo hushiki saa, unafagia. Kwetu mkono mzima ni mkono uliotulia, na hicho ndicho kipimo nilichokijua maisha yangu yote.

Kliniki sijawaambia. Havikutoka kwao, na daktari ana foleni hadi nje ya geti, ya nini kumpotezea muda kwa vidonge vya dada yangu. Binti wa mazoezi aliuliza kama nameza kitu kipya kwa sababu macho yangu yanasinzia. Nikamwambia ni uzee. Hakucheka.

Kama unavyo zaidi, nitumie.

Bwana Dakika

*

20 Machi
Nyumba ya Matroni

Kaka yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikaisoma tena jikoni. Nimeweka vidonge vingine humu, vyote vya mwezi huu. Daktari wa hapa haulizi sana.

Mimi sijambo. Nimemaliza vitabu vyote vya hadithi katika maktaba ya shule na sasa nimeanza vya jiografia. Mwalimu wa maktaba anadhani nasomea cheti. Nimeanza pia mazoea mapya ya kupiga pasi sare za wasichana kabla hawajaamka. Wanavaa sare zilizonyooka kama wanakwenda kuolewa, hawajui nani anayefanya hivyo, na mimi sisemi.

Mwandiko wako wa kushoto umenyooka zaidi kuliko wa kwanza. Umetulia na wenyewe. Niandikie mara nyingi zaidi, hata kama huna la kusema. Siku ya posta nasimama getini kama wale wasichana wapya.

Kiroboto

*

12 Aprili
Juu ya karakana

Kiroboto,

Nisamehe kuchelewa. Nakaa kuandika, usingizi unanichukua.

Vibanio vimenishinda. Binti wa mazoezi anasema mwezi wa pili niliweza kuokota vitano kwa tabu na kelele, sasa siokoti hata kimoja. Mkono umetulia lakini hauna habari na mimi. Nauambia kitu, nasubiri, kisha nasahau nilikuwa nasubiri nini. Akasema atakuja mara moja kwa wiki sasa, kwa kuwa wapo wagonjwa wengine. Nilielewa.

Wiki iliyopita nilianguka kwenye ngazi. Si kitu, bega tu. Mama wa vitambaa alipiga kelele za kutosha kwa niaba yetu sote.

Kwa hiyo nimefikiri. Kuna kijana wa upande wa soko anaitaka meza yangu na vifaa. Nitamwachia. Kile chumba chako kama bado kipo, nakuja mwisho wa mwezi ujao. Sitakusumbua. Siku hizi nalala sana.

Kaka yako

*

18 Aprili
Nyumba ya Matroni

Kaka yangu, kaka yangu,

Chumba kipo. Magodoro nimeyatoa yote mwenyewe, nikapaka chokaa, nikapata kitanda cha mbao kutoka stoo ya shule kwa kumbembeleza bwana stoo mpaka akachoka. Mapazia nashona mwenyewe, ya kijani, kwa sababu utotoni ulikataa kulala chumba chenye mapazia meupe ukidai yanatembea. Mkuu wa shule amekubali. Wasichana wameshasikia kwamba kaka yake matroni anakuja, wanauliza kama una sura yangu. Nimewaambia ni mbaya zaidi.

Nitakuchukulia kiti cha uwanjani, uwatazame wakicheza. Jioni tutakula pamoja. Sijui kama unaelewa, kaka. Nimekuwa nikipika sufuria ndogo kwa miaka mitatu.

Niambie siku, nikupokee.

Kiroboto wako

*

27 Aprili
Nyumba ya Matroni

Kaka,

Soma hii yote kabla hujaiweka chini, na kama umekwisha meza kidonge, isubirishe mpaka uamke vizuri.

Nesi wa shule aliniita ofisini kwake. Nilidhani ni habari za wasichana. Kumbe ni macho yangu. Akaniuliza tangu lini silali. Nikajitetea, nikashindwa, nikamwambia ukweli: vidonge vyangu nampa kaka yangu aliyepata kiharusi, vimeutuliza mkono wake. Alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

Akauliza vya aina gani. Nikamwambia. Akauliza kama daktari wako anajua. Nikasema hapana.

Nesi ni mtu mpole, hakunisema. Alinieleza tu kwamba baada ya kiharusi ubongo unajifunza upya, na unajifunza ukiwa macho, kwa kurudia. Vidonge kama vyangu huenda vikamlaza huyo anayejifunza. Ndiyo maana madaktari wengi huviepuka katika miezi hii, na ndiyo maana pia watu wanaovimeza huanguka. Nikamuuliza kama ndivyo vilivyouzuia mkono wako. Alisema hawezi kuapa, kila mgonjwa na lake, lakini mtu aliyekuwa anaokota vibanio kisha akaacha baada ya kuanza kidonge kipya, angetaka daktari amwone wiki hii.

Sasa sikiliza sana. Usiviache ghafla. Amesema kuvikatiza kwa mara moja ni hatari, unaweza hata kupata degedege. Vipunguzwe kidogo kidogo, na daktari ndiye wa kupanga. Chukua pakiti yenyewe, mwekee mezani, mwambie umepewa na mdogo wako, lawama zote ziwe zangu.

Na meza yako usiiuze. Mwambie yule kijana asubiri.

Nilifurahi ulipoandika kwamba unakuja. Nilifurahi mno hata sikujiuliza kwa nini wewe, mtu uliyekwenda kazini siku ya harusi yako, unaacha meza ya kazi bila hata kulalamika. Nilipaswa kujiuliza. Nimekaa na karatasi hii mbele yangu tangu mchana, kwa sababu najua nikiituma huji.

Natuma. Kuhusu mapazia usijali.

Kiroboto

*

16 Mei
Juu ya karakana

Wewe Kiroboto,

Nina hasira na wewe, na nimeisubiri ipungue ndipo niandike. Haijapungua. Si ya vidonge. Vile vya pili niliviomba mwenyewe, na kile cha asubuhi nilijiandikia mimi, daktari wa saa. Hasira yangu ni kwamba uliandika "nalala vizuri" huku unapiga pasi sare za watoto wa watu gizani. Nimerudia barua zako zote. Vitabu vya jiografia. Nilisoma nikacheka, sikuona kitu. Mtu akiniletea saa, naona vumbi lisiloonekana, na dada yangu mwenyewe sikumwona.

Nilikwenda kliniki. Foleni ilikuwa hadi nje ya geti, nikakaa nikangoja. Nilimwekea daktari pakiti mezani. Aliisoma kisha akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamjibu kwa ulimi wangu huu, ikachukua muda, na alinisubiri mpaka nikamaliza. Nilimwambia, "Mkono ulikuwa umetulia. Nilidhani umepona."

Akasema, "Ulikuwa umelala, mzee."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Miaka yote hii mteja akiniletea saa iliyotulia tuli, sijawahi kumwambia imepona.

Ananipunguzia kidogo kidogo. Si kazi rahisi. Natokwa jasho, moyo unadunda, usingizi umekwenda kabisa, na mkono umerudia vituko vyake. Unaruka. Jana ulimwaga uji wa mama wa vitambaa na nikafurahi kama mwendawazimu, yeye akaenda kuita watu. Kwa kule kukakamaa kwa usiku nimepewa kitu kama kibao chenye kitambaa laini cha kufungia kiganja kikae wazi, na mazoezi ya kuvinyoosha vidole polepole.

Daktari alinipa pia dawa ya huzuni. Nilikataa, nikasema sina huzuni, nina mkono. Akaniuliza mara ya mwisho kucheka ni lini. Nikamuuliza basi kama hiyo itaufungua mkono, maana nimesikia watu wakisema. Akasema watu walitumaini hivyo, wakapima, na majibu hayakukubaliana na matumaini yao, kwa hiyo kwa mkono haahidi kitu. Lakini mtu mwenye huzuni hafanyi mazoezi, na hilo analiona kila siku. Nimekubali. Ya presha na ya damu zinaendelea.

Binti wa mazoezi amerudi mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza aliona mkono ukiruka, akasema kwa sauti yake ile ya askari, "Karibu tena." Sijui alikuwa anazungumza na mimi au na mkono. Bado siokoti kibanio. Anasema tumepoteza muda, hasemi kama utarudi wote. Hakuna anayesema.

Chumba. Siji, mdogo wangu. Si sasa. Unajua kwa nini, umeandika mwenyewe. Lakini nataka ujue kwamba nilipokuwa nimelala mchana kutwa, katika kila kitu nilichokuwa nakiona, dirisha lile la jua la asubuhi ndilo pekee nililokuwa nikilitaka.

Nenda kwa daktari wako na wewe. Mwambie hulali, mwambie na sababu.

Bwana Dakika

*

2 Juni
Nyumba ya Matroni

Kaka,

Nimekwenda. Amenisikiliza. Ameniambia vidonge vile hata mimi nilikuwa nimevitumia kwa muda mrefu mno, na kwamba ninachougua hakina kidonge chake. Alinishauri nijiunge na kwaya ya walimu. Unaijua sauti yangu. Nimejiunga, wameniweka nyuma.

Chumba kipo vilevile. Mlango nimeufunga kwa sababu ya vumbi.

Okota kibanio.

Kiroboto

*

19 Agosti
Karakana

Mdogo wangu mpendwa,

Tazama mwandiko huu. Unapanda mlima, unashuka bondeni, herufi nyingine zimegongana. Ni mbaya kuliko wote niliowahi kukuandikia. Ni wa kulia.

Nimeutumia asubuhi nzima. Penseli imefungwa kwa kitambaa ili niishike. Vibanio naokota sasa, si vyote, na binti ameanza kunipa skrubu, zile kubwa. Ndogo sizioni zikirudi kwangu. Daktari anasema niendelee, mimi naendelea, lakini saa ya mkononi nimeshajua sitaifungua tena. Vifaa vidogo nimempa kijana wa upande wa soko, na meza nimebaki nayo. Siku niliyompa nilifunga mlango mapema nikalia, nikaona nikwambie.

Ndani ya sanduku hili kuna saa ya ukutani. Ilikuwa ya wifi yako, ile ya kutia ufunguo, iliyosimama tangu afariki kwa sababu sikutaka kuigusa. Mashine yake ni kubwa, vipande vyake vinashikika. Niliifungua kwa mikono miwili, kushoto ukishika na kulia ukitetemeka. Nilidondosha kila kipande angalau mara moja, na mama wa vitambaa alitambaa chini ya meza kunitafutia gurudumu. Imechukua wiki nyingi, kazi ambayo zamani ningeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Inatembea. Inachelewa kidogo, na sikuweza kuirekebisha zaidi ya hapo. Ina mlio mkubwa, utakusumbua. Itundike mahali palipo kimya mno.

Kaka yako,
Bwana Dakika

*

5 Septemba
Nyumba ya Matroni

Kaka yangu,

Imefika salama. Nimeitundika katika chumba cha pili na mlango nimeuacha wazi. Inasikika mpaka jikoni. Jana nilikula nikiisikiliza, na nikagundua nimepika sufuria kubwa bila kukusudia, nikamwita nesi tukala.

Inachelewa si kidogo kama ulivyosema. Inachelewa vibaya. Juzi iliniambia bado mapema na wasichana walikuwa wameshapanga mstari nje. Mwalimu wa hesabu ana shemeji yake fundi hapa mjini, akasema atamwita aifungue. Nimekataa. Nimemwambia saa hii ina fundi wake, ni mzee mmoja mwenye ulimi mzito na mkono unaoruka, haguswi na mtu kazi yake, na likizo ya Desemba atakuja mwenyewe kuitazama.

Nimeshasema hivyo mbele ya walimu wote, kwa hiyo usinifanye mwongo. Ukishamaliza utarudi kwenye meza yako, sitakushika. Mapazia bado yapo.

Mdogo wako,
Kiroboto